Grafu za fanksheni wiano: tuanze na asili, si na jedwali

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua tuzungumze na walimu wenzetu, wanafunzi wa Kidato cha Tano na wazazi wanaolipia tuisheni, kuhusu sura moja ya aljebra inayowatoa vijana jasho pasipo sababu. Ni sura ya kuchora grafu za fanksheni wiano na kueleza tabia zake.

Fanksheni wiano ni polinomia moja (jumla ya vipande vya x vyenye vipeo, kama x² − x − 6) iliyogawanywa kwa polinomia nyingine, basi. Juu kuna kiasi, chini kuna asili, kama sehemu yoyote aliyoisoma mtoto shule ya msingi. Ila akifika sekondari lugha ya kufundishia inabadilika, maneno ya kiasi na asili yanabaki nyuma, naye anaamini mnyama huyu hajapata kumwona. Anapewa kanuni tatu nne za kukariri, anaagizwa atengeneze jedwali la x kuanzia −3 hadi 3, aweke nukta, aziunge. Malalamiko yetu ni juu ya jedwali hilo.

Tuchukue f(x) = (x² − x − 6)/(x² − 4). Jedwali litampa hivi: x ikiwa −3 jibu ni 1.2, ikiwa −1 ni 1.33 hivi, 0 inatoa 1.5, 1 inatoa 2, 3 inatoa 0. Kwenye −2 na 2 kikokotoo kinakataa na kuandika kosa. Mwanafunzi anadhani amebonyeza vibaya, anaacha vyumba viwili vitupu kwenye jedwali, kisha anaweka nukta alizonazo na kuziunga kwa mstari mmoja laini. Kutoka (1, 2) penseli inateremka hadi (3, 0), na katikati ya safari hiyo inapita taratibu kwenye nukta (2, 1). Mchoro unapendeza macho. Lakini hapo kwenye 2 ndipo fanksheni ilipokatika vipande viwili, kimoja kimepaa juu pasipo kikomo na kingine kimezama chini pasipo kikomo. Jedwali limeruka mahali pale pale palipokuwa na habari yote.

Vile vyumba viwili vitupu si makosa ya kidole. Na tena havifanani, ingawa kikokotoo kinaviandikia ujumbe uleule. Weka 2 kwa mkono: juu unapata −4, chini unapata 0. Weka −2: juu 0, chini 0. Tofauti ya −4/0 na 0/0 ndiyo tofauti ya ukuta na tundu, na mwanafunzi asiyeambiwa hivyo atachora kuta mbili au hatachora hata mmoja.

Njia tunayoipendekeza inaanzia chini, kwenye asili. Jina lenyewe limeshasema: mambo yanaanzia hapo. Tafuta vigawo vya kiasi na vya asili kabla ya kugusa kitu kingine. Juu: (x − 3)(x + 2). Chini: (x − 2)(x + 2). Sasa, kabla hujafuta chochote, andika pembeni ya daftari x zinazofanya asili iwe sifuri: 2 na −2. Hizo ni marufuku, na zitabaki marufuku hadi mwisho wa swali. Ukishaziandika, ndipo ufute (x + 2) juu na chini, ubaki na (x − 3)/(x − 2).

Mpangilio huu wa hatua si ukaidi wa walimu. Ukifuta kwanza ndipo utafute marufuku, utaona 2 peke yake, kwa sababu alama ya −2 imekwenda na kifutio. Umbo jipya linakubali −2 bila kinyongo na kukupa 5/4. Umbo la awali, ambalo ndilo ulilopewa, halikubali. Kwa hiyo grafu zinalingana kila mahali isipokuwa nukta moja tu, (−2, 5/4), ambapo ya awali ina tundu. Kwenye karatasi tundu linachorwa kwa kiduara kidogo kisichojazwa wino, na mstari unapita pande zake zote mbili kana kwamba hakuna kilichotokea. Urefu wa tundu unapatikana kwa kuiweka −2 kwenye umbo lililorahisishwa, wala si kwenye la mwanzo. Anayejaribu la mwanzo atakutana tena na 0/0 yake.

Kuna ufutaji mwingine ambao ni maafa, na tunauona mara nyingi kuliko tungependa. Mwanafunzi anakata x² ya juu na x² ya chini kwa sababu “zinafanana”, anabaki na (−x − 6)/(−4), na mara moja fanksheni imegeuka mstari ulionyooka. Dawa yake iko darasa la msingi. Muulize kama (3 + 4)/(3 + 5) ni sawa na 4/5. Atajumlisha, atapata 7/8, atacheka mwenyewe. Kinachofutwa ni kigawo kinachozidisha juu yote na chini yote, kilichojumlishwa hakifutiki.

Turudi kwenye 2. Marufuku iliyobaki kwenye asili baada ya kurahisisha ndiyo inayosimamisha asimptoti wima, ule ukuta tulioutaja, yaani mstari x = 2 unaochorwa kwa nukta nukta. Badala ya kumwambia kijana “mchoro unakimbilia juu”, mwache auone ukikimbia. Kwa 1.5 jibu ni 3. Kwa 1.9 ni 11. Kwa 1.99 ni 101. Ukivuka, 2.01 inatoa −99, 2.1 inatoa −9, 2.5 inatoa −1. Namba sita tu, zilizochaguliwa karibu na mahali pa hatari, zimefanya kazi ambayo jedwali la −3 hadi 3 lisingeifanya hata lingeongezwa hadi 30. Na sababu inaonekana kwa macho: juu panabaki karibu na −1, chini panasinyaa kuelekea sifuri. Kugawa kitu kisichosinyaa kwa kitu kinachosinyaa ndiko kunakozaa ukubwa. Upande wa kushoto chini ni hasi, hasi kwa hasi ni chanya, tawi linapaa. Upande wa kulia chini ni chanya, tawi linazama.

Yapo maandishi mengine ya fanksheni hiyohiyo tunayoyapenda kuliko yote. Kwa kuwa x − 3 ni sawa na (x − 2) − 1, basi f(x) = 1 − 1/(x − 2). Soma sentensi hiyo polepole. Inasema: anza na 1, toa kitu kidogo. x ikiwa kubwa sana, kile kitu kinakaribia kuwa si chochote, na jibu linakaribia 1. Hiyo ndiyo asimptoti mlalo, y = 1. Ikiwa x imezidi 2 unatoa kitu chanya, tawi zima la kulia liko chini ya 1. Ikiwa x haifiki 2 unatoa kitu hasi, tawi la kushoto liko juu ya 1. Na kwa kuwa 1/(x − 2) haiwezi kuwa sifuri hata siku moja, jibu haliwi 1 kamwe. Mahali pa kukata mhimili wa x ni pale kiasi kilichorahisishwa kinapokuwa sifuri, yaani 3. Mhimili wa y unakatwa kwenye 1.5, kwa kuweka x = 0.

Renji, yaani majibu yote ambayo fanksheni inaweza kutoa, je? Wengi wanaandika “namba zote isipokuwa 1” na kufunga daftari. Bado. Tundu lilikuwa kwenye urefu wa 5/4. Jiulize kama 5/4 inapatikana kwa x nyingine yoyote: 1 − 1/(x − 2) = 5/4 inadai x − 2 = −4, yaani x = −2 na hakuna nyingine, nayo ni marufuku. Kwa hiyo renji inakosa namba mbili, 1 na 5/4. Swali la namna hii ndilo linalomtenga aliyeelewa na aliyekariri.

Sasa tuje kwenye imani moja sugu, kwamba mchoro haugusi asimptoti wala kuivuka. Asili ya imani hii ni neno lenyewe. Neno asimptoti ni la Kigiriki, na maana yake ni visivyoangukiana pamoja. Apollonius wa Perga, aliyeandika juu ya mikato ya pia (koni) yapata miaka 200 kabla ya Kristo, alilitumia kwa haipabola, na haipabola kweli haikutani na mistari yake hiyo. Fanksheni yetu ya hapo juu ni haipabola vilevile, ndiyo maana imetii. Lakini jina likapanuliwa likafunika michoro mingine isiyo na adabu hiyo. Asimptoti wima haivukwi, kwa sababu kwenye x ile fanksheni haipo kabisa. Asimptoti mlalo ni habari nyingine: inaeleza tabia ya mbali, kulia sana na kushoto sana. Hapa katikati mchoro una uhuru wake.

Mfano: g(x) = (x² − x − 6)/(x² − 1). Kiasi ni kilekile, asili imebadilika kidogo tu. Marufuku ni 1 na −1, hakuna kinachofutika, kwa hiyo kuta ni mbili na tundu hakuna. Mhimili wa x unakatwa kwenye 3 na −2, wa y kwenye 6. Kwa tabia ya mbali, gawa kila kipande kwa x²: juu panakuwa 1 − 1/x − 6/x², chini 1 − 1/x². Weka 1000 kichwani. Vipande vyenye x chini yake vimekuwa vumbi, na kinachobaki ni 1/1. Kanuni inayokaririwa, kwamba digrii (kipeo kikubwa kabisa cha x, juu na chini) zikilingana unachukua uwiano wa namba zinazozidisha vipeo vikubwa, ni hiyo hapo, na aliyeigawa mara mbili tatu hahitaji kuikariri. Digrii ya asili ikizidi, juu panageuka vumbi tupu na asimptoti ni y = 0.

Je, g inavuka y = 1? Usibishane, uliza aljebra. x² − x − 6 = x² − 1 inabaki −x = 5, yaani x = −5. Jaribu: 25 + 5 − 6 ni 24, na 25 − 1 ni 24. Imevuka. Hatua hii ni ya mstari mmoja na inapaswa kufanywa kila mara, maana bila hiyo mwanafunzi atalichora tawi la kushoto likija kutoka chini ya mstari ilhali linatoka juu yake.

Kwa g jedwali linalofaa ni la ishara. Panga kwenye mstari namba zote zinazofanya juu au chini iwe sifuri: −2, −1, 1, 3. Zimegawa mstari vipande vitano. Anza kulia kabisa, ambako x² inatawala juu na chini, ishara ni chanya. Kila kigawo hapa kimetokea mara moja, kwa hiyo kila ukivuka namba ishara inageuka: kati ya 1 na 3 hasi, kati ya −1 na 1 chanya, kati ya −2 na −1 hasi, kushoto kwa −2 chanya. Hakuna kikokotoo kilichotumika, na tayari tunajua kila tawi linaingilia wapi kwenye kila ukuta. Kigawo kikiwa na kipeo cha pili ishara haigeuki: 1/(x − 1)² inapaa pande zote mbili za ukuta wake, kama minazi miwili iliyoegemea nyumba moja.

Lile tawi la katikati, lililobanwa kati ya −1 na 1, linapaa kwenye kuta zote mbili na lina bonde katikati. Karibu kila daftari litaonyesha bonde hilo kwenye (0, 6), kwa sababu 6 imeshapatikana na inapendeza kuwa katikati. Si kweli. Wala huhitaji kalkulasi kulithibitisha. Andika y(x² − 1) = x² − x − 6, hamisha vyote upande mmoja: (y − 1)x² + x + (6 − y) = 0. Huu ni mlinganyo wa kipeo cha pili katika x, na x halisi inapatikana pale tu b² − 4ac isipokuwa hasi: 1 − 4(y − 1)(6 − y) ≥ 0, inayorahisishwa kuwa 4y² − 28y + 25 ≥ 0. Mipaka yake ni 3.5 ± √6, yaani kama 1.05 na 5.95. Fanksheni hii haitoi jibu lolote lililo kati ya namba hizo mbili. Chini ya bonde ni 5.95, kwenye x iliyo kushoto kidogo kwa sifuri, kama −0.1. Ile 1.05 nayo ni kilele kidogo kilicho mbali kushoto, kwenye x kama −9.9: ukitembea kuelekea kushoto mchoro unavuka mstari wa y = 1 kwenye −5, unapanda kwa kiasi kisichofika hata 0.06, kisha unageuka kurudi mstarini. Hapa Tanga tungesema waja leo waondoka leo. (Kesi ya y = 1 inaangaliwa peke yake, maana hapo kipande cha x² kinapotea; tumeshaona inapatikana kwenye −5.)

Mbinu hii ya b² − 4ac inatoa renji, vilele na mabonde kwa pamoja, na kijana anaijua tangu aliposoma milinganyo ya kipeo cha pili. Kwa nini inafundishwa kwa haraka, au inaachwa kabisa, hatujaelewa.

Digrii ya kiasi ikizidi ya asili, shule ya msingi ina neno lake: sehemu guni. 17/5 inageuzwa namba mchanganyiko, 3 na 2/5, kwa kugawanya na kuandika baki juu ya asili. Fanya hivyohivyo kwa (x² + 1)/(x − 1). x² + 1 ni (x − 1)(x + 1) na baki 2, kwa hiyo fanksheni ni x + 1 + 2/(x − 1). Sehemu nzima, y = x + 1, ndiyo asimptoti mshazari, na baki linaeleza mchoro uko upande gani wake: x ikizidi 1 uko juu, isipofika 1 uko chini. Kosa la kawaida hapa ni kusimama kwenye x peke yake kwa hoja kwamba “x² gawa kwa x ni x”. Mstari unaochorwa unakuwa na mteremko sahihi lakini umeshuka hatua moja, na mchoro mzima unaufuata kwenye upotevu. Gawanya hadi mwisho. Digrii zikipishana kwa mbili sehemu nzima itakuwa parabola, na mchoro utaifuata parabola hiyo huko mbali. Mitihani haipendi sana kufika huko.

Wapo watakaouliza haya yanasaidia nini mtu wa Ngamiani, hapa Tanga. Tuchukue mashua. Mkondo wa pwani yetu huelekea kaskazini, hivyo nahodha akitoka Tanga kwenda upande wa Pangani anao usoni, akirudi anao mgongoni. Tuseme anakwenda kilomita 12 na kurudi, mkondo una kasi ya kilomita 3 kwa saa, na tuyaache maji kupwa na kujaa. Chombo kikiwa na kasi v kwenye maji yaliyotulia, muda wa safari nzima ni 12/(v − 3) + 12/(v + 3). Jumlisha sehemu kwa asili moja, unapata 24v/(v² − 9). Kwa v = 9 safari ni saa 3 kamili: mbili za kwenda, moja ya kurudi. Bila mkondo ingekuwa saa 2 na dakika 40. Kwa hiyo ile hesabu ya kijiweni, kwamba unachopoteza kwenda unakirudisha kurudi, ina kasoro ya dakika 20. Kwa v = 5 safari ni saa 7 na nusu; kwa v = 4 inakaribia saa 14; kwa v = 3.1 ni kama saa 122, siku tano na ushei. Ukuta uko kwenye v = 3, na maana yake kila mvuvi anaijua: kasi yako ikiwa sawa na ya mkondo, unapiga kasia mahali pamoja.

Fomula yenyewe haijui hilo. Iwekee v = 2 itakujibu −9.6, kana kwamba mashua imerudi kabla haijaondoka. Hapa ndipo domeini, yaani namba zinazoruhusiwa kuingizwa, inapokuwa na kazi: aljebra inakataza 3 na −3 peke yake, bahari inakataza kila v isiyozidi 3. Swali la maisha likija na fanksheni wiano, mwanafunzi aandike marufuku za aina zote mbili. Na asimptoti mlalo ya y = 0 nayo inasema neno: ongeza nguvu ya mashine utakavyo, muda utapungua lakini hautaisha, na kila kilomita ya kasi unayoongeza inakuokolea dakika chache kuliko iliyoitangulia. Mwenye kununua mafuta angependa kuiona grafu hiyo.

Neno moja juu ya simu. Programu za kuchora grafu ni nzuri na tunaziruhusu, ila zina tabia mbili za kujulikana. Nyingi huhesabu nukta zilizokaribiana na kuziunga, kwa hiyo kwenye ukuta zinaweza kuchora mstari wima kana kwamba ni sehemu ya mchoro. Vijana wameunakili mstari huo kwa wino. Na tundu mara nyingi hazilionyeshi, kwa sababu nukta moja haina upana wa kuonekana kwenye kioo. Kosa la tatu ni la mchapaji: kuandika x − 3/x − 2 bila mabano. Kwa x = 4 simu itajibu 1.25, wakati (x − 3)/(x − 2) ni 0.5. Simu imefuata kanuni ya kugawanya kwanza, haina hatia.

Kwako Mhariri, ombi letu ni dogo. Kurasa za masomo magazetini huchapa maswali ya grafu na majibu yake pasipo njia, na mara nyingi jibu ni picha tupu. Picha ya fanksheni wiano isiyo na marufuku zake pembeni haimfundishi mtu. Mngechapa mambo sita kwa maandishi chini ya kila grafu: x zilizokatazwa, matundu na urefu wake, kuta, sehemu za kukata mihimili, tabia ya mbali pamoja na mahali pa kuvuka kama papo, na renji. Nafasi inayohitajika haizidi mistari sita.

Kwa anayetaka kujaribu kabla gazeti halijafungiwa maandazi: (x² − 9)/(x² − 2x − 3). Marufuku ni 3 na −1. Tundu liko kwenye (3, 1.5), ukuta ni x = −1, mihimili inakatwa kwenye x = −3 na y = 3, mbali kote mchoro unakaribia y = 1 bila kuivuka, na renji inakosa 1 na 1.5.

Walimu wawili wa hisabati,
Chumbageni, Tanga